Kisafisha hewa cha chumbani: taa ya kijani isikupumbaze

Kwa miezi minne nimelala na mashine hii kando ya kitanda, na karibu muda wote huo ukungu wa moshi umekuwa ukitanda alfajiri na kugoma kuondoka mpaka jua lipande. Kwa kazi yake ya msingi sina lalamiko. Chujio lake la HEPA, yaani la nyuzi laini zilizosongamana, hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3, ambazo ndizo ngumu zaidi kunaswa, kwa sababu zile kubwa hugonga nyuzi za chujio zenyewe na zile ndogo zaidi huyumba huku na huko hadi zikanata. Chembe zisizozidi mikromita 2.5 ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu, kwa hiyo madhara yake hayaishii kwenye kikohozi na pumu bali huugusa hata moyo.

Usiku wa kwanza, madirisha yakiwa yamefungwa, kioo chake kilionyesha mikrogramu 84 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo, na baada ya dakika 40 kikashuka hadi 9. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linapendekeza wastani wa saa 24 usiozidi 15. Hata hivyo, kipimo cha kuazima nilichokiweka upande wa pili wa chumba kilisoma 17, kwa kuwa mashine hujipima hewa iliyo karibu nayo, yaani ile iliyokwisha kuisafisha.

Kinachoniudhi ni taa ya kijani, ile inayodai kwamba hewa ni safi. Kihisio chake huhesabu chembe tu, ilhali ukungu wa moshi hubeba pia gesi, kama vile ozoni inayotokea pale jua kali linapouchoma moshi wa magari. Siku moja alasiri macho yaliniwasha na koo likakauka huku taa ikiwaka kijani kwa utulivu wote. Gesi huhitaji mkaa wa kutosha wa kuzifyonza, na huu uliomo humu ni utando mwembamba kama kitambaa cha shati. Ajabu zaidi, kuna kitufe cha kutoa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), teknolojia inayoweza yenyewe kuzalisha ozoni. Nilikizima siku ya pili.

Mwenye kusumbuliwa na chembe namshauri ainunue, ila akifungue kifuniko mwenyewe kila mwezi: taa ya kubadilisha chujio huhesabu saa, haioni uchafu, na langu lilikwisha kuwa jeusi kabla haijawaka.