Mafunzo ya Kuzamia bila Mtungi, Nungwi: Siku Mbili za Kubana Pumzi

Nimekulia Tanga, nikizamia pweza na chaza pamoja na kaka zangu, ambao walinifundisha kwamba anayetaka kukaa chini muda mrefu sharti kwanza apumue kwa nguvu na haraka mara nyingi. Kosa hilo lilisahihishwa katika saa ya kwanza ya mafunzo niliyohudhuria kwenye kituo kimoja cha uzamiaji Nungwi, Unguja, na kwa hilo peke yake naona ada yao, ambayo si ndogo, ilistahili kulipwa.

Mkufunzi alinilaza mkekani, akanibana kidoleni kifaa cha kupimia mapigo ya moyo na oksijeni ya damu, kisha akaniambia nibane pumzi. Baada ya sekunde 80 msuli wa kiwambo ulianza kurukaruka chini ya mbavu na nikaona hewa imeniishia kabisa, ilhali kifaa kilionyesha oksijeni bado asilimia 97. Kinachomlazimisha mtu kuvuta pumzi, alieleza, hasa ni kabonidayoksaidi inayojikusanya katika damu. Kupumua harakaharaka kabla ya kuzama huipunguza gesi hiyo bila kuongeza oksijeni ya maana, hivyo mzamiaji huweza kuzimia majini kabla hata hajaona haja ya kupumua.

Kisha likaja beseni la maji baridi. Nilipotumbukiza uso, mapigo yalishuka kutoka 76 hadi 52, kwa kuwa moyo hupunguza kasi, mishipa ya mikono na miguu husinyaa ili damu ibakie kwa ubongo na moyo, na bandama hujikamua na kutoa chembe nyekundu zaidi za damu, zinazobeba oksijeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba bandama za Wabajau wa Indonesia, wanaoishi kwa kuzamia, ni kubwa kwa takriban asilimia 50 kuliko za jirani zao Wasaluan.

Somo la masikio, yaani namna ya kusawazisha shinikizo masikioni unaposhuka, kwa bahati mbaya, lilipitiwa upesi mno, na mwenzetu mmoja aliibuka ameshika sikio kabla ya kufika mita 5. Vitini navyo vyote ni vya Kiingereza, ingawa nusu ya darasa walikuwa vijana wa Nungwi wenyewe.

Kuhusu usalama sina lawama: hakuna aliyezama bila mwenzake kumwangalia, na kila aliyeibuka alivuta pumzi, akavua miwani na kutoa ishara kabla ya zamu ya mwingine. Nimekwisha kuwapigia simu kaka zangu kuhusu kule kupumua kwa haraka, na mdogo wao ameandikishwa darasa la Desemba.