Kozi ya akiolojia ya Biblia na unabii wa Masihi hapa Kampala: nendeni, ila ile meza ya nyuma waitoe

Watu wengi kanisani wananiuliza kama ile kozi ya Jumamosi inafaa pesa yake, basi naandika hapa mara moja. Inafaa. Ni shilingi 80,000 kozi nzima, unalipa kwa momo (pesa za simu), mnaanza asubuhi mnatoka saa nane mchana, ukumbi uko ghorofani karibu na Wandegeya. Na wanafundisha kwa Kiswahili, kitu ambacho hapa mjini si cha kawaida, maana mafundisho ya namna hii huwa ni Kiingereza au Luganda na sisi wenye asili ya Kongo pamoja na ndugu zetu wa kwenye kambi za polisi na jeshi tunabaki kuokota neno moja moja. Jina lao siliweki kwa sababu nina malalamiko pia, ila ulizia kwenye ibada yoyote ya Kiswahili utaelekezwa.

Nianze na lile karatasi la Isaya, kwa sababu kwangu hilo peke yake lilitosha kulipa nauli. Mwaka 2011 makumbusho ya Israeli kule Yerusalemu waliweka picha za gombo kubwa la Isaya kwenye intaneti, bure kwa kila mtu, na hawa jamaa wakazichukua wakaenda kuprinti Nasser Road kwa ukubwa wake halisi, wakaunga vipande kwa selotepu wakalilaza juu ya mabenchi. Ni zaidi ya mita 7! Lilianzia ukutani likafika karibu na mlango, safu 54 za maandishi, tukatembea pembeni yake kutoka kulia kwenda kushoto vile Kiebrania kinavyosomwa mpaka safu ya 44, ambako ndiko ile sura ya 53 ya mtumishi anayeteswa iko. Unaona mahali ngozi moja imeshonwa na nyingine, unaona pale mwandishi aliruka neno akarudi kulibana juu ya mstari kwa herufi ndogo. Lile lenyewe liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla Yesu hajazaliwa, Wabedui wachunga mbuzi wakalitoa pangoni Qumran kando ya Bahari ya Chumvi mnamo 1947.

Hapo ndipo mchungaji anayefundisha akiolojia akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia mimbarini. Alisema gombo hili linatuhakikishia kwamba maneno ya Isaya 53 yalikuwepo kabla ya Wakristo, kwa hiyo hakuna mtu wa kanisa aliyeyachomeka baadaye, na hapo kazi ya gombo imeisha. Huyo mtumishi anayeteswa ni nani? Ngozi haijibu. Akatupa mfano wa hapa nyumbani, mitaro ya Bigo bya Mugenyi kule Sembabule, ipo, inapimika, inaenda zaidi ya kilomita 10, wazee wanasema ni ya Wachwezi, wale watawala wa kale wa kwenye masimulizi, lakini ukishuka mtaroni na jembe na futi utapata vigae na mifupa ya ng'ombe, hutapata jina la mtu. Yaani ukumbi mzima ulielewa palepale.

Halafu wakamleta mwalimu wa Kiyahudi kutoka Mbale, mmoja wa Abayudaya. Kwa wasiojua, hawa ni Waganda wenzetu walioanza kushika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 wakimfuata Semei Kakungulu, yule jemadari, ambaye alisoma Agano la Kale mwenyewe akaamua kutahiriwa pamoja na wanawe. Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, wengi wakaiacha, wachache wakashikilia, na leo wapo Nabugoye na vijiji vya jirani. Sasa mtu wa namna hiyo akifungua Isaya mbele yako usitegemee atababaika.

Alianza kwa utulivu tu. Akasema tusianzie 53, turudi nyuma, 41:8, 44:1, 49:3, kote huko Mungu anamtaja mtumishi wake kwa jina na jina ni Israeli. Halafu mwisho wa 52 wafalme wa mataifa wanafumba vinywa kwa mshangao, na kwa maoni yake wao ndio wanaoendelea kuongea kwenye 53, wanakiri kwamba lile taifa walilolidharau ndilo lililobeba maumivu. Ndivyo Rashi alivyosoma, yule mfafanuzi wa Ufaransa aliyefariki 1105. Mama mmoja wa kwetu akanyoosha mkono, "Shikamoo mwalimu, sasa kama mtumishi ni taifa, mstari wa nane unasema alipigwa kwa makosa ya watu wangu, taifa linapigwaje kwa makosa yake lenyewe na hapohapo linaitwa halina hatia?" Akajibu, "Marahaba mama, kama anayeongea ni mfalme wa mataifa, basi watu wangu ni watu wa huyo mfalme." Mama hakuridhika, akataka kujua ni wapi Isaya amesema msemaji amebadilika, na mchungaji akamuunga mkono akafungua Matendo 8, Filipo na yule Mwethiopia kwenye gari, ambaye aliuliza swali hilohilo, nabii anasema haya juu yake mwenyewe au juu ya mtu mwingine. Walibishana karibu saa nzima bila mtu kumkatiza mwenzake.

Mimi bado nasimama na Filipo, nasema wazi. Lakini inanikera sana kwamba miaka yote tunahubiriwa kuwa Wayahudi hawamwoni Masihi kwa sababu mioyo ni migumu, basi, yameisha, wala hakuna anayetuambia kwamba wana hoja za mstari kwa mstari na kwamba hata wao kwa wao hawakubaliani. Mwalimu mwenyewe alituonyesha kwamba Talmudi, kile kitabu kikubwa cha mafundisho ya marabi, ina Masihi mwana wa Yusufu anayeuawa, na inajadili kama Masihi atakuja na mawingu au juu ya punda. Na magombo ya Qumran yanataja wawili, wa Haruni na wa Israeli.

Sehemu iliyonisisimua zaidi ni ya Bar Kokhba. Huyu aliongoza vita vya Wayahudi dhidi ya Warumi mwaka 132 mpaka 135 BK, na Rabi Akiva, mtu mkubwa sana kwao, alimwona ndiye Masihi. Mwaka 1960 mwanaakiolojia wa Israeli Yigael Yadin na wenzake wakaingia kwenye pango jangwani wakakuta barua zake, barua kabisa, na moja inahusu kupeleka punda wawili wakalete matawi ya mitende na matunda ya sikukuu ya Vibanda! Katikati ya vita. Bar Kokhba aliuawa, Yerusalemu haikurudi mikononi mwa Wayahudi, na miaka zaidi ya elfu moja baadaye Maimonides, mwanazuoni mkubwa wa Kiyahudi, akaandika kwamba atakayeuawa kabla ya kujenga Hekalu na kuwakusanya waliotawanyika siye aliyeahidiwa. Ukishaelewa hilo unaelewa kwa nini msalaba kwao ni mgumu, na kwa nini sisi tunasema atarudi kumalizia.

Jiwe la Tel Dan la 1993 lenye maneno nyumba ya Daudi, na lile la Kaisaria la 1961 lenye jina la Pilato, walipita nayo vizuri, haraka lakini vizuri.

Sasa malalamiko. Nyuma ya ukumbi kuna meza ya kuuza vijitabu, na hapo wanakuuzia kwamba safina ya Nuhu imepatikana na magurudumu ya magari ya Farao yako chini ya Bahari ya Shamu. Hayo hayajathibitishwa na mwanaakiolojia yeyote wa kuaminika, na mchungaji mwenyewe akiulizwa anakubali! Sasa mnafundisha watu mbele kutofautisha ushahidi na uvumi halafu nyuma mnauza uvumi shilingi 5,000? Waitoe. Na slaidi moja ilionyesha lile sanduku la mifupa la "Yakobo ndugu wa Yesu" kama kitu kilichokwisha kuthibitishwa, wakati lilitangazwa 2002 likiwa mikononi mwa mkusanyaji, halikuchimbwa na wataalamu, mamlaka ya mambo ya kale ya Israeli ikasema maandishi yameghushiwa, na mahakama mwaka 2012 ikamwachia mshitakiwa bila kusema kama ni halisi. Hayo yote yalipaswa kusemwa.

Danieli 9 nayo ilipewa dakika chache za mwisho, watu wameshasimama kutafuta taksi. Masihi kukatiliwa mbali, majuma sabini, na wale wanaosema aliyekatiliwa ni kuhani mkuu Onia aliyeuawa karibu 171 KK, hayo yanataka Jumamosi yake peke yake. Projekta pia ina kivuli upande wa kushoto, kaa kulia. Chakula hakimo kwenye bei, chini kuna kikomando (chapati na maharage). Wanaanza kundi jingine mwezi ujao na viti huwa vinaisha, kwa hiyo lipia mapema, na mkiwa wengi mtakaoomba Danieli iwekewe siku yake wataiweka, nimeshaongea na mchungaji amesema anataka kwanza kuona idadi ya majina.