Mafuta ya chungwa na ya ndimu: jiko limeng'aa, mkono umeungua

Jamani nimekaa na hizi chupa mbili karibu mwezi ndo naandika, moja mafuta ya maganda ya chungwa na nyingine ya ndimu, ml 30 kila moja, nilinunua Kariakoo 12,000 kwa chupa. Duka silitaji, maana nina malalamiko.

Nianze na ya chungwa. Ukifungua tu kifuniko unarudi utotoni, umeme umekatika mnaminya ganda la chungwa mbele ya mshumaa linatoa cheche, au unamminyia mwenzio machoni analia hadi mama anakuja na mwiko. Kumbe ndo mafuta yenyewe haya, yanakaa kwenye vile vitundu vidogo vya ganda, na zaidi ya asilimia 90 yake ni kitu kimoja kinaitwa limonene. Hiyo limonene inayeyusha grisi na gundi balaa. Jiko langu la gesi lilikuwa na yale mafuta ya kukaangia yaliyoganda miezi nimesugua kwa steelwire nimechoka, nikadondoshea matone machache kwenye kitambaa nikaacha dakika tano, likatoka lenyewe. Stika za ndoo mpya zile zinazoacha gundi nazo zilitoka bila kucha kuvunjika.

Kama unaogopa umeuziwa mafuta ya alizeti yenye marashi, mi nilidondosha tone kwenye kile kiboksi cheupe chepesi cha kubebea chipsi, likala shimo papo hapo, mafuta ya kupikia hayafanyi hivyo. Tone lingine nikaweka kwenye karatasi, likakauka karibu bila kuacha alama. Kwa hiyo ni yenyewe, ila na wewe usisugulie vyombo vya plastiki ukaja kunilaumu.

Sasa ya ndimu. Kaka wa dukani akaniambia "dada hii unapaka mkononi inatoa madoa, ni ya asili haina kemikali". Haina kemikali! Nikapaka Jumamosi asubuhi nikatoka nje kufua, jua la Dar mnalijua. Siku hiyo sikuona kitu. Jumatatu mkono mwekundu unawaka, kesho yake malengelenge kama nimemwagikiwa chai, na sasa hivi nina doa jeusi kubwa kuliko hayo niliyotaka kuyatoa. Daktari akauliza swali moja tu, ulishika ndimu ukaenda juani?

Ndimu ina vitu vinaitwa furanokumarini, vikiwa kwenye ngozi halafu jua likapiga ndo vinaamka vinaunguza. Kwenye mafuta yaliyokamuliwa bila moto vinakuwemo, yakipatikana kwa mvuke vinabaki nyuma, na chupa yangu haikuandika imekamuliwaje, hapo ndo hasira zangu zilipo. Chungwa tamu la kawaida linavyo kidogo sana. Wanaojipaka ndimu kwapani wana bahati, kwapa haliotei jua. Na balungi linavyo pia, ndo maana wenye dawa fulani za kolesteroli wanakatazwa balungi, vinazuia kimeng'enya cha kwenye utumbo kinachovunja dawa, sasa dawa inajazana mwilini kana kwamba umemeza nyingi.

Kingine, chupa zao ni nyeupe, mwanga unapita. Limonene ikikaa na hewa na mwanga inabadilika, harufu inakuwa ya kuchacha na ndo inawasha ngozi za watu wengi. Yangu nimehamishia kwenye chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi, niliiosha ikakauka kwanza, naweka kwenye friji.

Ya chungwa nyota 4, nitanunua tena hata kesho. Ya ndimu nyota 1, hiyo moja ni ya harufu. Imebaki nusu, naisugulia sinki usiku nikiwa na glavu.