Kituo cha malezi au chumba cha kupanga: mtu mzima mwenye ulemavu wa akili aishi wapi?

Mdogo wangu ana miaka 29 na ana ulemavu wa akili. Mama alipoanza kuchoka, hapa Dodoma tulibaki na njia mbili: kumpeleka kituoni, au kumpangia chumba Chang'ombe, nyumba ya pili kutoka kwetu, na kumwekea msaidizi.

Kituo kina uzio, muuguzi na chakula kwa saa. Mzazi anapata usingizi. Lakini kimoja tulichotembelea, watu wazima walikuwa wamekaa kwenye benchi tangu asubuhi, wamevalishwa nguo za stoo ya pamoja. Hakuna aliyeulizwa anataka kula nini. Iliniumiza sana.

Chumbani, ufunguo anao yeye. Anasonga ugali wa uwele mwenyewe, msaidizi anaangalia moto tu. Wakienda soko la Sabasaba, anayechagua nyanya ni yeye, na wauzaji wanamwita kwa jina lake. Ubora naupima hapo: msaidizi anafanya pamoja naye, hafanyi badala yake. Hata Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unampa katika ibara ya 19 haki ya kuchagua aishi wapi na nani.

Ugumu upo. Mshahara tunachangishana ndugu, na msaidizi akiugua hakuna wa kumshikia zamu. Tena akiwa mkali, nani ataona? Ndiyo maana shangazi hupita bila taarifa, na dawa za kifafa tunazihesabu kila Jumapili.

Anayehitaji muuguzi usiku kucha, kituo kizuri kitamfaa zaidi. Mdogo wangu abaki Chang'ombe.