Kibao cha "as… as": nimekitumia wiki tatu, haya ndiyo maoni yangu

Karibuni tena wadau wangu. Leo msiondoke, maana kitu hiki nimekaa nacho wiki tatu nikitafuta muda wa kuwaonyesha. Ni hiki hapa. Kibao cha karatasi ngumu cha kufundishia kulinganisha vitu kwa Kiingereza, na utepe unaopita katikati. Ukubwa mnauona, rangi mnaiona, huko sipotezi muda. Nataka muangalie hapa kwenye dirisha. Ngoja nisogeze kamera… haya, inaonekana?

Kushoto pameandikwa "as". Kulia pameandikwa "as". Yamechapwa palepale, hayatoki. Katikati ndipo unapopita utepe wa vivumishi. Navuta… "as tall as". Navuta tena… "as heavy as". Mmesikia huo mlio? Neno likikaa sawasawa dirishani, utepe unakwama kidogo, unajua umefika.

Sasa kwa nini nimekipenda namna hii. Sisi kwa Kiswahili tunasema Asha ni mrefu kama Juma. "Kama" moja, kazi imeisha. Kiingereza kinakibana kivumishi pande zote mbili: "Asha is as tall as Juma." Mimi nafundisha watu wazima jioni, na kila muhula naletewa "Asha is tall as Juma", au "Asha is tall like Juma". Mtu ametafuta neno moja la kukaa mahali pa "kama", amelipata, ametulia. Ile "as" ya kwanza haina mwenzake kwetu, ndiyo maana inadondoka. Nimeirudisha kwa kalamu nyekundu mwaka nenda mwaka rudi. Kwenye kibao hiki huwezi kuiacha hata ukitaka, iko pale kabla hujavuta chochote!

Na tazameni utepe wenyewe, nauvuta wote polepole. "Old", "busy", "big", "sweet"… Umeona "older"? Umeona "bigger"? Hakuna. Aliyetengeneza hiki alifundisha darasani, nina hakika. Kivumishi kinaingia humo kama kilivyozaliwa. "As bigger as" hakuna. Hiyo -er mpelekee "than".

Mwanangu yuko darasa la sita. Alikichezea siku mbili, ya tatu akaniambia mezani, "Mama, this chapati is as big as the plate." Nilifurahi mpaka nikaacha kula.

Nakigeuza. Nyuma pana "not as… as". "Mount Kenya is not as high as Kilimanjaro." Mita 5,199 kwa 5,895. Hapa Kiswahili kinatubeba, maana hata sisi tukisema huyu si mrefu kama yule, kila mtu anaelewa nani mfupi. Halafu kuna kiutepe kidogo cha "half", "twice", "three times". Kinakaa hapa, kabla ya "as" ya kwanza: "Lake Tanganyika is twice as deep as Lake Nyasa." Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, Nyasa karibu 700. Mnaona sasa? Ukiwa umeidondosha "as" ya kwanza, hiyo "twice" utaitundika wapi?

Kuna programu moja ya simu mnaniuliza sana, jina silitaji. Niliilipia miezi miwili. Niliandika "not so tall as", ikanipa alama nyekundu. Jamani, hicho ni Kiingereza sahihi, "so" inaruhusiwa kwenye ukanushi! Ikakataa pia "as tall as me", ikitaka "as tall as I am" peke yake. Zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ndiyo utakayoisikia watu wakiongea, ya pili iweke kwenye barua rasmi. Mwanafunzi akiadhibiwa kwa jibu sahihi, kesho hathubutu kuandika.

Lakini na kibao nacho, kadiri ninavyokitumia, kuna jambo linaniudhi. Dirisha ni moja tu. Nikitaka kusema Asha ni mwalimu mzuri kama mama yake, nakwama. Kiingereza kinataka "as good a teacher as her mother": "good" kwanza, "a" inafuata, ndipo "teacher". Watu wengi wanaandika "as a good teacher as", na kibao hakiwasaidii. Mimi nimekata kipande cha boksi nikakibandika hapa, kabla ya "as" ya kulia… mnaona? Dirisha la pili. Sasa linaingia.

La pili, hizo "as" zimechapwa kwa herufi nene mno. Watoto wanazipigia kelele: "AZ tall AZ". Msikilize mzungumzaji wa lugha anavyozimeza, "əz tall əz", nguvu yote iko kwenye "tall". Mwanzoni sikuliona hili, ila wiki ya tatu darasa zima lilikuwa linapiga kelele, ikabidi nizipake penseli zififie.

Bei. Nilikinunua Sh 6,000. Juzi nimepita palepale, kimefika Sh 8,500. Kwa 6,000 nilisema chukueni bila kufikiri. Kwa 8,500, mwenye watoto wawili watatu anunue, atakitumia miaka. Uliye peke yako, chukua boksi la sabuni, rula na wembe, jioni moja umemaliza, na ukate madirisha mawili tangu mwanzo.

Ijumaa tuko laivu saa 2 usiku, nitaonyesha jinsi ya kukikata hatua kwa hatua, na zile kamusi tatu mlizoniomba nazo zimefika. Jiungeni na chaneli, bonyezeni kengele. Na hapo chini niandikie sentensi moja ya "as… as" kuhusu kitu kilicho mbele yako sasa hivi. Nitazisoma zote, na itakayokosa "as" ya kwanza nitairudisha kwa mwenyewe.