Wiki nane na kichujio cha matusi: uzoefu wangu

Kwa muda wa wiki nane nimetumia programu ndogo ya kivinjari ambayo hupitia machapisho na maoni ya mitandao ya kijamii kabla sijayaona, hulipatia kila moja alama kati ya sifuri na moja kulingana na ukali wa lugha yake, kisha huyaficha yanayovuka kiwango nilichokiweka mwenyewe. Niliisakinisha kwa sababu nilikuwa nimechoka kuingia mtandaoni ili kuwajulia hali rafiki zangu, kisha kujikuta, saa nzima baadaye, ningali nasoma watu nisiowafahamu wakitukaniana wazazi.

Kuisakinisha hakuna ugumu. Chapisho lililofichwa halifutwi, bali mahali pake hubaki kisanduku cha kijivu ambacho ukikibofya utalisoma, na kisanduku hicho ndicho kilichonifunulia tabia yangu. Katika wiki ya kwanza nilikibofya karibu kila nilipokiona, huku machapisho ya heshima yaliyokuwa juu na chini yake nikiyapita bila kuyasoma. Ilipofika wiki ya nne nilikuwa nakipita bila kukigusa, na muda wangu mtandaoni ulikuwa umeshuka kutoka takriban saa mbili kwa siku hadi saa moja na dakika chache. Nilikuwa nimetarajia kinyume chake, kwamba uwanja ukishasafishwa ningekaa kwa raha na kwa muda mrefu zaidi. Kumbe sehemu kubwa ya ukaaji wangu ilikuwa ni hasira, na ilipoondolewa sikuwa na sababu ya kuendelea kukaa.

Jambo hili halinihusu mimi peke yangu. Utafiti wa William Brady na wenzake uliochapishwa mwaka 2017, uliochambua zaidi ya machapisho 500,000 ya Twitter kuhusu mada zenye ubishi mkali, ulionyesha kwamba kila neno lenye hisia na hukumu ya kimaadili ndani ya chapisho liliambatana na ongezeko la takriban 20% la kusambazwa kwake, hasa miongoni mwa watu wenye msimamo mmoja. Mwaka huohuo Facebook ilianza kuzipa emoji za hisia, ikiwemo ya hasira, uzito mara tano ya alama ya kupenda katika kupanga nani aone nini. Uzito wa ile ya hasira ulipunguzwa hatua kwa hatua hadi ukafika sifuri Septemba 2020. Mtambo unaohesabu mibofyo hauwezi kutofautisha aliyefurahi na aliyechomwa moyo, kwa hiyo wote wawili huhesabiwa kuwa wameshiriki. Ndiyo maana sishangai kwamba kichujio cha namna hii nimelazimika kukitafuta mwenyewe: mtandao unaoishi kwa matangazo ungepoteza dakika zangu zilezile nilizookoa.

Nikirudi kwenye programu yenyewe, ina kasoro, na moja kati yake ni nzito. Inasoma maneno bila kuelewa nia, kwa hiyo rafiki aliyeniita mwizi kwa utani alifichwa, ilhali kejeli iliyovikwa maneno ya adabu ilipita salama, na mafumbo ya Kiswahili haikuyatambua hata kidogo. Hayo ninaweza kuyavumilia. Nisiloweza kulivumilia ni kwamba dada mmoja aliyenukuu vitisho alivyotumiwa, akiomba watu wamsaidie kuviripoti, alifichwa pamoja na vitisho hivyo. Niliyaona maombi yake siku mbili baadaye, tena kwa bahati. Chombo kinachomnyamazisha aliyeumizwa kwa sababu tu amerudia maneno ya aliyemuumiza kinahitaji kurekebishwa haraka.

Ninachoandika mimi nacho kimebadilika. Majibu yangu kwa wiki ni machache kuliko zamani, lakini ni marefu, na mara nyingi mtu hunijibu kwa hoja nami nikajifunza kitu. Takwimu za mtandao bila shaka zinanihesabu kuwa mtumiaji aliyepoa.

Bado ninaitumia. Nimepandisha kiwango kutoka 0.6 hadi 0.8 ili utani usifichwe, na nimeizima kabisa kwenye ujumbe unaoelekezwa kwangu moja kwa moja, kwa kuwa kitisho ni lazima nikione ili niweze kukiripoti. Anayeanza namshauri aanze na mipangilio hiyo, na kwa wiki ya kwanza ahesabu ni mara ngapi anakibofya kile kisanduku cha kijivu.