Subaru Impreza WRX wagoni ya 1999: miaka sita nayo hapa Tanga

Kila nikisimama sheli lazima atokee kijana aniulize, "bro hii inakimbia ngapi?" Sijui bana. Kweli kabisa sijui. Miaka sita nipo nayo sijawahi kuimaliza, kwanza niimalizie wapi, Tanga mpaka Segera kila ukigeuka kijiji, kila kijiji 50, na trafiki kakaa kivulini na tochi yake anakusubiri we tu. Hii gari wengi wanainunulia spidi, mi nakwambia utamu wake uko kwenye rafu rodi ukiwa unaenda 40, na wasiolijua hilo wanaenda kuichosha kwenye lami usiku, injini ikinoki wanaanza kusema Subaru mbovu.

Basi wadau niwape yote nilokutana nayo, mazuri na machungu, manake inbox za kuniuliza kuhusu hii gari zimekuwa nyingi.

Yangu ni wagoni, ile bodi ya kwanza, jina lake la kiwandani GF8 (sedani yake ndo GC8 mnayoijua), manyuo gia tano, turbo, lita mbili, na namba B. Rangi ilikuwa silva, sasa hivi ni silva na maoni. Ile pua juu ya boneti ipo na sio urembo, intakula yake (ya kupoza hewa inayosukumwa na turbo) imelala juu ya injini kwa hiyo pua ndo inaipelekea upepo, ukikuta gari kapachikwa pua na chini hamna intakula jua hapo umepigwa.

Kwanini niliitaka, hiyo stori ya zamani. Mjomba wangu alikuwa anafanya kazi Mombasa, akija Tanga anakuja na magazeti ya Kenya ya wiki zilizopita, mengine yamefungia viatu. Humo ndo nikaiona picha ya Impreza ya bluu, namba 555 za njano ubavuni, mbele ngao ya chuma, pembeni ya kioo bomba refu la kuvutia hewa ili ikivuka mto injini isinywe maji. Safari Rally ya 1997, Colin McRae ndo alishinda na hiyo gari. Niliibandika ukutani kwa ugali, mama akanichapa kwa ajili ya panya. Safari yenyewe sio ya Wakenya peke yao jamani, ilipoanza 1953 ilikuwa inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika yetu hii, kwa hiyo hawa wazee wetu wanaokaa barazani wakikwambia wameona magari ya mashindano yanapita usidhani ni chai.

Sasa sikiliza kitu kinachofanya hizi gari za kale ziwe tofauti na hizi mpya zenye stika. Kipindi kile ili kiwanda kiruhusiwe kuingia mbio za dunia kwenye daraja la Group A, kanuni ilikuwa inawalazimisha watengeneze gari ya barabarani ya aina hiyohiyo isiyopungua 2,500, ziuzwe kwa watu wa kawaida kama mimi na wewe. Kwa hiyo Subaru walipotoa WRX mwaka 1992 hawakuwa wanafikiria kwenda ofisini, walikuwa wanafikiria mawe. Bodi ngumu na nyepesi, miguu mirefu ya kupanda na kushuka, turbo, matairi yote manne yanavuta muda wote. McRae akabeba ubingwa wa dunia 1995, kampuni ikabeba wa watengenezaji miaka mitatu mfululizo 95, 96, 97, baadaye madereva wao Richard Burns 2001 na Petter Solberg 2003 nao wakawa mabingwa wa dunia. Sisemi haya kujisifu, mi sijashinda kitu, nasema kwa sababu ukiingia chini ya gari yangu unaona hesabu zilezile. Watu wa Evo (Mitsubishi Lancer) tulieni, dereva wenu Mäkinen ana ubingwa wa mara nne naujua, anzisheni uzi wenu.

Injini ni EJ20, silinda nne zimelala mbili kulia mbili kushoto, pistoni zinarushiana ngumi kama mabondia ndo maana wanaiita boksa. Faida yake uzito unakaa chini kabisa, kwenye kona gari hailali. Hasara yake we subiri siku ya kubadili plagi, ziko pembeni zimebanwa na chesi, fundi anatukana mpaka wajomba zako. Ule mngurumo wa gugu-gugu-gugu mnaoupenda unatoka kwenye manifoldi ya egzosi, mabomba yake hayalingani urefu basi moshi unafika kwa zamu mbovu. STI (WRX kali zaidi) za Japani za baadaye mabomba yamelinganishwa na sauti ile ikapotea, gari bora zaidi lakini kimya, sasa utachagua mwenyewe.

Twende Amani. Anayetaka kuijua hii gari asiende Chalinze, aje Muheza aanze kupanda. Njia inakata kona baada ya kona, msitu unafunga juu, ghafla unatokea kwenye mashamba ya chai, mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unakuwa kama umepakwa sabuni. Mara ya kwanza nilipanda nayo mwezi wa nne, nikaikuta Noah imekaa mshazari watu wameshuka wanasukuma, mbele yake pikipiki mbili zimelala. Mi nipo gia ya pili, mguu mwepesi, turbo hata haijaamka manake inaamka ukipita mzunguko wa elfu tatu hivi, na gari inapanda tu. Haipigi kelele, hairushi matope. Tairi la mbele kulia likiteleza unalisikia mkononi kwenye stelingi kabla macho hayajaona, halafu unasikia matairi ya nyuma yanapokea kazi, kama watu wanne wamebeba jeneza mmoja kajikwaa wenzake wakakaza. Samahani kwa mfano wa msiba lakini ndo ilivyo.

Na makorongo sasa. Gari nyingi ndogo ukiingia rafu unaendesha kwa huruma, unatafuta pa kukanyaga. Hii ukiipeleka taratibu sana inagonga gonga na kukuchosha, ukienda 20 utaichukia, ukifika 40 au 45 kitu kinatokea, shokapu zinaanza kufanya kazi zilizoumbiwa, mashimo yanakuwa madogo. Mke wangu haamini hili mpaka leo anasema nakimbiza, ila mama yake tulimchukua kutoka kwa ndugu zake kule juu, viroba viwili vya machungwa nyuma, akalala usingizi njia nzima mpaka Muheza mjini. Alipoamka akaniambia, "Mwanangu, hii gari yako inanung'unika lakini haimrushi mtu." Mi hiyo naiweka juu ya maoni yoyote ya magazeti ya magari.

Mombo kupanda Lushoto nako sawa, lami na kona zake ni tamu, pale Soni unafungua kioo unasikia egzosi inajibiwa na mlima. Lakini pale hata gari nyingine zinafurahisha. Amani ndo inazichambua.

Haya machungu.

Niliinunua milioni 11 na nusu kwa dalali fulani aliyeapa injini "haijawahi kufunguliwa tangu Japani". Kufungua tu kava fundi wangu, mzee mmoja wa Makorora, akanyamaza. Ukimwona fundi kanyamaza jua pesa inaondoka. Silikoni nyekundu imemwagwa kila mahali kama keki ya harusi. Miezi mitatu ya kwanza ikala milioni nne nyingine. Kwa hiyo wewe unayepiga hesabu ya bei ya kununua peke yake, simama hapo kwanza.

Taimingi belti, hii haina mjadala. Utaratibu ni kilomita 100,000, lakini gari ya umri huu we historia yake huijui na dashibodi za mnada zinasema uongo, nunua leo badilisha leo, na wota pampu yake, tensha na viroli vyote. Ikikatika vavu zinakutana na pistoni hapo unatafuta injini nyingine. Oili pima kila Jumamosi. Sio kila mwezi, kila Jumamosi. Hizi injini zikizeeka zinalamba oili kidogo kidogo, huoni moshi, taa haiwaki, siku unakata kona kali oili imepungua pampu inavuta hewa, basi imenoki. Mi nabadili kila kilomita 4,000 na nabeba lita moja kwenye buti pembeni ya machungwa.

Halafu mafuta. Huko Japani hizi turbo zao zilipangwa zinywe petroli ya oktani 100, hapa hamna kitu hicho. Ndo maana vijana wanaoichezea kompyuta yake ili turbo isukume zaidi wananitia huruma. Ukiwa unapanda mlima na mzigo ukasikia kama punje za mahindi zinapasuka kikaangoni, hiyo ni petroli inalipuka vibaya ndani ya injini, achia mguu haraka, shusha gia. Ukitoka safari ndefu usizime papo hapo, iache ingurume dakika moja mbili turbo ipoe. Asubuhi nayo usiikimbize kabla oili haijapata moto. Mambo ya adabu tu, kama unavyomsalimia mzee kabla hujamwomba kitu.

Kilichoniuma zaidi lakini ilikuwa matairi. Nilipata pancha mbili wiki moja, nikaenda duka moja hapa mjini, yule bwana kanishauri "weka mapya mawili nyuma, ya mbele bado yana maisha". Na mi nikakubali, mjanja wa bei rahisi. Nikaenda Korogwe nikarudi, kufika nyumbani nakata kona ya geti naona gari inajivuta, inashtuka shtuka kama kuna mtu anakanyaga breki. Kumbe gari inayovuta matairi manne muda wote inataka yote manne yalingane, ikiwa mapya yana duara kubwa kuliko yaliyolika, ile difu ya katikati inahangaika kulinganisha mwendo masaa yote mpaka inachemka na kushikana. Mzee wa Makorora aliniangalia akasema, "Umemvalisha mtu kiatu kimoja cha skuna." Difu ya katikati iliyotumika ikatoka Mombasa, ikaja na basi. Toka hapo nanunua manne au sinunui.

Kuhusu spea, watu wa Tanga tuna bahati hatuitangazi. Kariakoo kule Gerezani vitu vipo ila Mombasa ni karibu kuliko Dar, na Wakenya wanazipenda Subaru kupita kiasi, kwa hiyo kuanzia bushi mpaka giaboksi unapata kwa mtu anayejua anachouza. Kupima kwa kompyuta pia usiende kwa yoyote, mmoja aliniambia nibadili sensa tatu, mzee akakaza hosi moja iliyolegea, kwisha.

Na kutu. Tanga upepo wa bahari hauna rafiki. Bodi hii ugonjwa wake ni mapaja ya matairi ya nyuma, na ndani ya buti pale shokapu za nyuma zinaposhikia. Ukienda kuangalia gari ya kununua, achana na rangi, inua zulia la buti, ingiza kidole, kikirudi na unga wa kahawia mwambie muuzaji asante. Mi naosha chini kwa maji baridi kila nikitoka Raskazone au Pangani, majirani wanadhani nina wazimu naosha gari sehemu ambayo haionekani.

Ulaji wa mafuta mjini lita moja kilomita saba au nane, safari ndefu na mguu wa upole kumi na kidogo. Haufurahishi. AC yangu imekufa, nafungua vioo. Kelele ndani zipo, plastiki za dashibodi zinaongea zote, siti ya dereva imekaa kama imemzoea mtu mwingine mwembamba.

Mwaka jana shemeji yangu alinunua kiSUV kipya kipya, skrini kama ya sebuleni, kamera kila kona. Tukabadilishana wikiendi moja. Ile yake nilienda nayo Muheza nikarudi, siwezi kukumbuka hata kona moja, stelingi nyepesi kama ya gemu, barabara inapita huko nje we uko kwako. Gari nzuri, baridi ya kutosha, watoto walifurahi. Yeye yangu alitakiwa airudishe Jumapili jioni. Jumatatu saa sita mchana napiga simu anasema yuko Amani. Anafanya nini Amani Jumatatu? Kimya, halafu ananiuliza hivi ukiwa unatafuta hii unaanzia wapi.

Nikamwambia asithubutu kuagiza Japani bila kupiga hesabu ya TRA, gari kuukuu lina ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine wote, unaweza kulipia kodi kuliko gari. Bora utafute iliyopo nchini. Kuna sedani moja ya babu mmoja njia ya Muheza, namba A, imekaa chini ya mwembe miaka, kuku wametotoa kwenye siti ya nyuma. Tulienda kuiangalia wote watatu na mzee wa Makorora, akainua zulia la buti, akaingiza kidole, kikarudi kisafi. Babu akasema haiuzwi. Shemeji anapita pale kila wiki sasa, safari ya mwisho alibeba sukari kilo tano na kanga ya bibi.